Kuzuia metali isivuje kutoka kwenye vichocheo vya kugeuza kemikali za makapi ya miwa na magunzi

#1 Mkemia_wa_Nyando (Kisumu)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaanzisha uzi huu kwa ajili ya wale wanaofanya utafiti wa kugeuza makapi ya miwa, magunzi ya mahindi au gugumaji kuwa kemikali zenye thamani, na hasa wale wanaotumia vichocheo (vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kutumika) vya shaba, nikeli au kobalti ndani ya kimiminika. Katika ripoti nyingi nilizopewa nizipitie nimekuta sentensi moja ikirudiwa karibu neno kwa neno: kwamba kichocheo kilitumiwa mara tano mfululizo bila kupoteza nguvu, kwa hiyo ni thabiti. Mara nyingi sentensi hiyo haina ushahidi wa kutosha, na ningependa tuelewane kwa nini.

Nieleze kwanza jambo lenyewe kwa wasiolifahamu. Makapi ya miwa yana sukari za kaboni tano zilizofungamana, ambazo zikichemshwa na asidi hutoa furufurali. Teknolojia hiyo si ngeni: kampuni ya Quaker Oats ilianza kutengeneza furufurali nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa kutumia maganda ya oti, nafaka ya uji, na huko Sezela, Afrika Kusini, hutengenezwa kwa makapi ya miwa kama haya yanayolundikana kwenye viwanda vyetu vya sukari vya Chemelil na Muhoroni. Furufurali ikiongezewa hidrojeni hugeuka kuwa alkoholi ya furufurili, ambayo viwanda vya kusubu vyuma huitumia kutengeneza gundi ya kushikanisha mchanga wa kalibu. Kinachofanya kazi hiyo ni chembe ndogo sana za shaba zilizotandazwa juu ya kibebeo, yaani unga wenye vinyweleo kama vile alumina, silika au kaboni. Mmenyuko ukifanyika ndani ya maji au alkoholi, baadhi ya atomu za shaba hung'oka kutoka kwenye chembe hizo na kuingia katika kimiminika. Huko ndiko kuvuja kwa metali.

Hasara yake ina pande mbili. Kichocheo hudhoofika, na tofauti na kichocheo kilichozibwa na masizi, ambacho kinaweza kuchomwa hewani kikarudia nguvu zake, kilichopoteza metali hakina cha kurudishiwa. Upande wa pili ni kwamba metali hiyo huishia ama katika bidhaa ama katika maji machafu. Sisi tunaoishi kando ya mto Nyando tunajua maji hayo huelekea wapi: Ziwa Viktoria. Shirika la Afya Duniani linaruhusu katika maji ya kunywa miligramu 2 za shaba kwa lita, miligramu 0.07 za nikeli na miligramu 0.05 za kromiamu. Samaki na mwani huanza kudhurika na shaba kabla kiwango hicho hakijakaribiwa.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi ya mara tano. Tuseme una nusu gramu ya kichocheo chenye asilimia 10 ya shaba, yaani miligramu 50 za shaba, ndani ya mililita 50 za kimiminika. Baada ya mmenyuko unapima kimiminika na kukuta miligramu 4 za shaba kwa lita. Katika mililita 50 hizo zimo miligramu 0.2, ambazo ni asilimia 0.4 ya shaba yote. Baada ya mizunguko mitano umepoteza asilimia 2 tu, na ikiwa kila mzunguko uliachwa uendelee mpaka furufurali yote ikaisha, upungufu huo hauwezi kuonekana kabisa, kwa sababu hata kichocheo kilichobaki na nusu ya nguvu zake kingeimaliza furufurali kabla ya muda uliowekwa kwisha. Lakini chukua kichocheo kile kile, kiweke ndani ya bomba ambamo kimiminika hupita mfululizo kwa mililita 1 kwa dakika, na uchukulie kwamba kiwango cha kuvuja hakibadiliki. Kwa siku itapita lita 1.44, ikibeba karibu miligramu 5.8 za shaba, na zile miligramu 50 zitakuwa zimekwisha kabla ya siku ya tisa kumalizika. Hakuna kiwanda kinachoweza kuendeshwa hivyo.

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe, na liligharimu miezi kadhaa ya kazi. Nilipima kiasi cha bidhaa kwa uangalifu mkubwa wala sikupima shaba, mpaka siku nilipokausha kimiminika kilichochujwa, nikakichoma kwenye tanuri kwa nyuzi 500 kuondoa vitu vyote vya kaboni, nikayeyusha majivu katika asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha nikatia amonia. Rangi ya samawati iliyokolea ilijitokeza mbele ya macho yangu. Nasisitiza hatua ya kuchoma kwanza, maana furufurali yenyewe hushikana na amonia na kutoa mashapo yanayovuruga matokeo. Kipimo hiki hakigharimu chochote cha maana, na maabara yoyote ya shule ya upili inaweza kukifanya. Kwa nikeli, tumia dimethiliglioksimu badala ya kutegemea rangi ya amonia. Mashapo mekundu yatakuonyesha. Baada ya hapo ndipo utafute spektromita ya ufyonzaji wa atomu ili upate tarakimu.

Ombi langu ni kwamba yeyote anayedai uthabiti wa kichocheo apime metali katika kimiminika, na afanye majaribio ya kurudia akiyasimamisha kabla nusu ya malighafi haijaisha, ili udhoofu wowote uonekane. Karibuni tujadiliane kuhusu sababu na namna za kuzuia.

#2 Binti_wa_Njoro (Nakuru)

Asante sana, Daktari, kwa kuanzisha mjadala huu. Umenigusa moja kwa moja. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili na ninatumia magunzi ya mahindi, ambayo huku kwetu baada ya mavuno hupatikana kwa urahisi. Ninayachemsha kwa asidi ya salfuriki kupata asidi ya levulini, kisha ninaiongezea hidrojeni kwa nyuzi 200 ndani ya maji ili kupata gama-valerolaktoni. Kichocheo changu ni nikeli juu ya alumina. Katika mzunguko wa kwanza kinafanya kazi vizuri, katika wa pili kinashuka, na katika wa tatu kinakaribia kufa. Maji yana rangi ya kijani hafifu. Nimefanya pia jaribio la kuchuja kukiwa bado kuna joto, na kimiminika kilichochujwa hakikuendelea kumenyuka hata kidogo, jambo lililomfanya msimamizi wangu aseme kwamba hakuna metali iliyovuja. Sasa sielewi, kwa sababu rangi ile ninaiona.

#3 Mkemia_wa_Nyando (Kisumu)

Dada, macho yako hayakukudanganya, na jaribio lako pia halikukosea. Yanajibu maswali mawili tofauti.

Jaribio la kuchuja kukiwa na joto lilitiliwa mkazo na Roger Sheldon na wenzake mwaka 1998, walipoonyesha kwamba vichocheo vingi vya oksidisho vilivyosifiwa kuwa imara kumbe kazi yao ilikuwa ikifanywa na metali iliyokwisha kuyeyuka. Unachuja katika joto lile lile la mmenyuko, kwa sababu ukisubiri kipoe metali inaweza kurudi kwenye kibebeo na kujificha, kisha unaangalia kama kimiminika kinaendelea kumenyuka bila kichocheo. Kwa hiyo jaribio hilo linakuambia kama metali iliyoyeyuka ndiyo inayofanya kazi. Halikuambii kama kuna metali iliyoyeyuka. Ioni za nikeli ndani ya maji kwa kawaida haziwezi kuvunja hidrojeni na kuipachika kwenye asidi ya levulini, kwa hiyo unaweza kupoteza nikeli yako yote na jaribio hilo likakupa cheti safi. Ndiyo maana nilisisitiza kupima metali yenyewe. Mweleze msimamizi wako kwa heshima kwamba vipimo vyote viwili vinahitajika.

Kuhusu sababu, wewe una maadui wawili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni nikeli ndani ya asidi. Volteji sanifu ya nikeli, yaani kipimo cha jinsi metali inavyopinga kuyeyuka ambapo hidrojeni ni sifuri, iko karibu na volti −0.26, chini ya ile ya hidrojeni, na kwa hiyo asidi peke yake, bila msaada wa oksijeni, inaweza kuiyeyusha na kutoa hidrojeni. Kobalti iko karibu na −0.28 na chuma −0.44, nazo zina udhaifu huo huo. Shaba iko kwenye +0.34, na hapa pana jambo ambalo natamani kila mtafiti wa kanda yetu alishike: shaba iliyo katika hali ya metali haiyeyuki katika asidi ya kawaida isipokuwa kuna kitu cha kuioksidisha. Ukiona shaba inavuja, tafuta oksijeni iliingia wapi, au kama kichocheo hakikuondolewa oksijeni kikamilifu kabla ya kuanza. Mara nyingi shaba haivuji wakati wa mmenyuko wenyewe, ambapo hidrojeni yenye shinikizo inailinda. Huvuja unapopasha joto kabla ya kuingiza hidrojeni, unapofungua chombo kikiwa bado na joto, na unapoosha kichocheo hewani ili ukitumie tena. Mimi nilipoanza kupitisha nitrojeni ndani ya malighafi kuondoa hewa, kupoza chini ya hidrojeni, na kuosha kichocheo kwa kiyeyushi kisicho na hewa, tatizo langu lilipungua kuliko nilivyotarajia, na sikuhitaji kununua kitu chochote kipya.

Adui wako wa pili ni kibebeo. Alumina ya aina ya gama haivumilii maji ya nyuzi 200: ndani ya saa chache hubadilika na kuwa bohemaiti, yaani alumina iliyoingiwa na maji, vinyweleo vyake huanguka, na chembe za nikeli zilizokuwa zimekaa juu yake hufunikwa au kuachwa bila pa kushika. Silika nayo huyeyuka taratibu katika maji ya moto, na kwa kasi zaidi kukiwa na besi. Kwa kazi yako ningehamia kwenye kaboni, zirkonia au titania (oksidi za zirkoni na za titani). Shaba juu ya zirkonia imekuwa ikitajwa sana kwa mmenyuko huu hasa, kwa sababu zirkonia hustahimili maji na huishika shaba vizuri. Rutheni juu ya kaboni ndiyo inayofanya kazi kwa uhakika zaidi, lakini bei yake tunaijua sote.

Pia hakikisha kwamba asidi ya salfuriki imeondolewa kabla ya hatua ya hidrojeni. Ukiiacha, unaiyeyusha nikeli kwa mkono wako mwenyewe, na salfa inayobaki inaweza kuuzima uso wa metali.

#4 Fundi_Mstaafu (Muhoroni)

Mabwana na mabibi, mimi si mkemia wa chuo kikuu. Nilifanya kazi ya matengenezo katika kiwanda cha sukari kwa miaka mingi, na nimesoma mjadala huu kwa makini kwa sababu unahusu makapi tuliyokuwa tukiyaita bagasi na kuyachoma kwenye boila. Nina maswali mawili.

Kwanza, mnajuaje kwamba metali mnayoipima imetoka kwenye kichocheo? Sisi tulikuwa tukibadilisha vali za shaba nyeupe na mabomba kila mara pale palipopita maji yenye uchachu, na hata chuma kisichoshika kutu kilikuwa kinaliwa sehemu zilizounganishwa kwa kulehemu. Chombo chenu cha shinikizo kimetengenezwa kwa nini?

Pili, kama tatizo lote linatokana na kimiminika, kwa nini msiifanye kazi hiyo kwenye mvuke?

#5 Mkemia_wa_Nyando (Kisumu)

Shikamoo mzee, na asante. Maswali yako yote mawili ni mazito, na la kwanza lingepaswa kuwa limo kwenye ujumbe wangu wa mwanzo.

Vyombo vingi vya shinikizo vya maabara hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho kina kati ya asilimia 16 na 18 ya kromiamu na kati ya asilimia 10 na 14 ya nikeli. Ndani ya asidi ya moto, hasa kama kuna kloridi, chuma hicho hutoa nikeli na kromiamu yake. Dada wa Njoro anaweza kabisa kuwa anapima nikeli ya chombo pamoja na ya kichocheo. Dawa yake ni kufanya jaribio tupu: malighafi ile ile, joto lile lile, muda ule ule, kibebeo bila metali, kisha kupima nikeli, kromiamu na chuma. Kromiamu ikionekana ilhali kichocheo hakina kromiamu, chombo kinaliwa. Vikombe vya kioo au vya teflon ndani ya chombo husaidia, ingawa mrija wa kuchukulia sampuli na kikorogeo hubaki ni vya chuma. Tusisahau pia kwamba magunzi na makapi yenyewe huja na potasi, kalsiamu na chuma kutoka shambani.

Kuhusu mvuke, umesema jambo ambalo watafiti wengi wachanga hulipita haraka. Furufurali huchemka kwenye nyuzi 162, kwa hiyo inaweza kupitishwa ikiwa mvuke juu ya kichocheo cha shaba, na viwanda vimekuwa vikifanya hivyo kwa miongo mingi kwa vichocheo vya shaba na kromiamu vya aina iliyotokana na kazi ya mkemia Homer Adkins wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1931. Pasipo na kimiminika hapana mahali pa metali kuyeyukia. Tatizo hubaki kuwa utomvu na masizi vinavyoziba uso, na hayo huondolewa kwa kuchoma taratibu hewani na kukirejesha kichocheo kwa hidrojeni. Kama bidhaa unayoitaka ni alkoholi ya furufurili tu, ushauri wangu wa dhati ni kuanza na mvuke. Ubaya wa vichocheo vya Adkins ni kromiamu yenyewe, ambayo katika hali yake ya valensi sita ni sumu inayosababisha saratani, na sitapenda kuona mtu akiileta kwenye bonde la Nyando wakati shaba juu ya silika au juu ya magnesia inaweza kutumika kwenye mvuke.

Lakini mvuke hauwezi kusaidia sukari, ambazo huungua kabla ya kuchemka, na kwa asidi ya levulini, inayochemka karibu na nyuzi 245, kazi inakuwa ngumu zaidi ingawa inawezekana. Huko inatubidi tupambane ndani ya kimiminika.

#6 Mwalimu_wa_Kakamega

Nimefuatilia kwa makini. Nimesoma kwamba kuna wanaofunika chembe za metali kwa utando mwembamba ili zisitoke. Je, utando huo hauzuii malighafi kuifikia metali? Na je, ni jambo linalowezekana katika maabara zetu?

#7 Mkemia_wa_Nyando (Kisumu)

Mwalimu, swali lako linatufikisha kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote katika mada hii.

Mwaka 2013 kundi la James Dumesic, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, lilionyesha kwamba shaba ikifunikwa kwa alumina inayopandikizwa tabaka la atomu juu ya tabaka la atomu, haivuji wala chembe zake haziunganiki wakati wa kuongeza hidrojeni kwenye furufurali ndani ya kimiminika. Mwanzoni utando hufunika kila kitu na kichocheo hakifanyi kazi, kama ulivyohofia. Kisha wanakipasha kwa joto la juu, alumina inajipanga kuwa fuwele ndogo ndogo, na kati ya fuwele hizo panafunguka vinyweleo ambavyo malighafi hupitia. Kilichonivutia zaidi ni maelezo ya sababu. Atomu za metali hazina nguvu sawa: zile zilizo kwenye kona na kingo za chembe zina majirani wachache, hazijashikwa barabara, na ndizo zinazong'oka kwanza. Alumina iliyobaki hukaa hasa juu ya kona na kingo hizo, ikaziachia atomu za katikati ya uso ziendelee na kazi. Mwaka uliofuata wakaonyesha kanuni hiyo hiyo kwa kobalti iliyofunikwa kwa titania, ndani ya maji.

Kuifanya huku kwetu kwa namna ile ile ni vigumu. Kemikali inayotumika kubeba alumini, trimethilialumini, huwaka moto yenyewe inapogusa hewa, na mtambo wake si wa bei yetu. Hata hivyo, kanuni ya kuzishika kona inaweza kufuatwa kwa njia nyingine. Njia ninayoijaribu sasa ni ya kaboni: unalowesha kibebeo kwa mmumunyo wa sukari, unakausha, kisha unapasha bila hewa kwenye nyuzi 400 hivi, na sukari inaacha ngozi nyembamba ya kaboni inayokinga oksidi dhidi ya maji ya moto. Njia hii imeshaonyeshwa kwa silika na alumina. Sukari haitatupungukia, na kinachohitajika ni tanuri lenye bomba na mtungi wa nitrojeni.

Njia nyingine ni kuifungia metali ndani ya muundo wa fuwele yenyewe badala ya kuiweka juu. Mfano bora ni zeolaiti ya beta (fuwele yenye vinyweleo vidogo sana) yenye bati, ambayo kundi la mtafiti Mark Davis lilionyesha mwaka 2010 kwamba inageuza glukosi kuwa fruktosi ndani ya maji. Atomu moja moja za bati zimeshikwa na oksijeni za fremu pande zote, ndiyo maana hazitoki kirahisi. Kwa shaba, watu hutengeneza oksidi mchanganyiko na alumini au magnesi, kisha huitoa shaba taratibu kwa hidrojeni ili chembe zake zibaki zimezama nusu ndani ya oksidi hiyo.

#8 Binti_wa_Njoro (Nakuru)

Nimerudi na majibu. Nilifanya jaribio tupu kama mlivyoshauri, mzee na Daktari. Bila kichocheo, maji yalikuwa na nikeli na kromiamu kidogo. Pamoja na kichocheo, kromiamu ilibaki pale pale lakini nikeli ilipanda mara nyingi zaidi. Kwa hiyo chombo kinachangia, lakini mwizi mkubwa ni kichocheo changu. Nilichoma pia kichocheo kilichochoka hewani na kukirejesha kwa hidrojeni, na nguvu hazikurudi, jambo linaloonyesha kwamba masizi siyo sababu kuu. Msimamizi wangu amekubali nibadilishe na kutumia shaba juu ya zirkonia. Sasa nina ndoo ya maji yenye nikeli na sijui niyapeleke wapi, na huku kwetu ziwa la Nakuru halina mto wa kutokea.

#9 Mkemia_wa_Nyando (Kisumu)

Hongera, dada. Kulinganisha kromiamu na nikeli kama ulivyofanya ndiko kunakotenganisha chombo na kichocheo.

Maji hayo usiyamwage. Ongeza chokaa iliyozimwa mpaka pH ifike karibu na 10, uache usiku mzima, na nikeli itatua chini kama hidroksidi ya kijani. Kwa shaba, pH ya kati ya 8 na 9 inatosha. Tahadhari ni kwamba asidi ya levulini na asidi nyingine za kaboni huweza kuishika nikeli ikabaki imeyeyuka hata baada ya chokaa, na amonia hufanya hivyo kwa nguvu zaidi, kwa hiyo usichanganye mabaki ya kipimo cha rangi katika ndoo hiyo. Pima maji ya juu kwa dimethiliglioksimu baada ya kuchuja. Yakiendelea kuwa mekundu, yakaushe taratibu ndani ya kabati la moshi, uchome mabaki kwenye tanuri, uyeyushe majivu kwa asidi kidogo na urudie chokaa. Mashapo yaweke makavu ndani ya chupa yenye lebo. Ukikusanya ya kutosha, unaweza kuyayeyusha katika asidi ya nitriki na kutengenezea kichocheo kingine.